Majani Yaliyobaki Ghorofani

Asubuhi ile nilikaanga omena, dagaa wa ziwani, na mume wangu, Baba Akinyi, akalalamika kwamba nimezidisha chumvi. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho, na tuliimaliza tukibishania chumvi. Yeye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, ghorofa ya juu, ambako majani mabichi hunyaushwa kwa feni kabla ya kusagwa. Mimi nilikuwa mchumaji. Tulikuwa watu wa ziwani, lakini tulikuwa tumeishi katika kambi ya wafanyakazi kati ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, miaka kumi na minne bila kukosana na mtu.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, vijana tusiowajua wakaanza kuchoma nyumba za kambi ya chini. Saa nane mchana lori likaja kutuhamisha. Baba Akinyi alikuwa akinipandishia godoro, akasimama kutazama kiwandani.

"Wamezima feni," akasema. "Majani yatashika joto yaungue. Wacha niyageuze, narudi saa hii."

"Wacha yaungue."

"Kilo zote hizo, Mama Akinyi?"

Akaenda. Ni mtu wa chai tu anayeweza kufanya kosa kama hilo.

Moshi ulifika nyumba ya tatu kutoka yetu.

Dereva akauliza, "Mko wote?"

Wanangu wawili walikuwa wamenishika sketi. Kando yangu alikaa mama mwenye mtoto wa wiki moja.

Nikasema, "Tuko wote. Twende."

Sikumwona tena Baba Akinyi. Hata mwili haukupatikana.

Kiwanda kilifungwa, na siku hizi ni hoteli. Wageni hulala kwenye ghorofa ile ya majani, na pale ilipokuwa kambi yetu wanaogelea. Kijitabu wanachopewa kinamsifu mzungu aliyejenga kiwanda, na farasi wake pia. Sisi hatuna hata mstari. Wageni husema hapa pametulia, na kweli pametulia. Mimi huwafulia mashuka. Watoto wangu wameenda zao, na jioni huongea na redio. Nilirudi huku kwa sababu, kama Baba Akinyi angenitafuta, angeanzia hapa.

Mwezi uliopita nilikuwa nikikunja mashuka na Chelangat, Mkipsigis aliyekuwa jirani yetu kambini. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu.

"Mama Akinyi, usinikasirikie," akasema. "Ile siku nilimuona Baba Akinyi. Alikuja mbio mpaka kwa barabara. Lori ilikuwa imekata kona tu."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama nyinyi mlipanda. Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Basi ni sawa.' Halafu akaingia kwa shamba la majani chai, na wale vijana wakamfuata."

Miaka yote nimejiambia kwamba alikawia. Hakukawia. Ningemwambia dereva bado mmoja, angefika. Au pengine tungechomwa sote pale, na yule mtoto mchanga. Nimelipima hili kila upande na halinipi usingizi.

Chelangat alilia, nikamfariji mimi. Hajui kwamba dereva aliuliza. Baba Akinyi naye hakujua.