Simu Kabla ya Kufuta

Jirani wa Bi Nthoki pale Shauri Moyo ni fundi wa maabara, na ndiye msimamizi wa jukwaa la mafundi wenzake mtandaoni. Sheria yao ni moja: siasa hapana. Kila asubuhi huketi kibarazani, miwani imefungwa uzi, simu juu ya goti, akichambua maneno ya watu kama anayechagua mchele. Akikuta siasa hafuti papo hapo. Humpigia mwenyewe kwanza, amsalimu, amuulize ya nyumbani, kisha aseme polepole, “Ndugu yangu, hii naiondoa. Tusije tukaanza kuulizana kabila.” Nthoki humwelewa, maana aliuona mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, majirani walipoacha kuombana chumvi.

Miezi michache iliyopita, Muoki, fundi mwenzake msimamizi kazini, aliandika jukwaani kwamba serikali imemuulia mwanawe kwenye maandamano. Hapo chini watu wakaanza kurushiana maneno ya vyama vya siasa. Msimamizi akapiga simu, na kwa kuwa sikio lake moja ni zito, akaifungulia sauti yote, hata Nthoki akasikia. Akasalimu, akatoa pole, kisha akasema polepole:

“Muoki, sheria unaijua.”

“Huyo si siasa, bwana,” Muoki akajibu. “Huyo ni Kioko. Amekula kwako mara ngapi?”

Simu ikakatika. Kidole cha msimamizi kikakaa hewani mpaka chai ikashika utando. Kisha akafuta.

Bado huketi pale kila asubuhi, na jukwaa limetulia. Ila siku hizi hufuta tu, hampigii mtu.