Kidonge cha Maji na Kiti cha Kilio

Mwaka niliomaliza chuo pale Kasapa na kukosa kazi, nyumbani Bel-Air nilikabidhiwa kitu kimoja: dawa za kambo, babu yangu, mstaafu wa reli. Moyo wake ulikuwa umechoka. Maji yalikuwa yanamjaa miguuni, na daktari alituambia wazi kwamba yakipanda hadi kwenye mapafu tutampoteza. Kila asubuhi ameze kidonge kimoja cheupe, ayatoe kwa mkojo. Kimoja tu. Niliona ni jambo rahisi, mimi ambaye huwa sioni jambo lolote rahisi.

Baada ya wiki tatu miguu ilikuwa bado imevimba, inang'aa. Nikamwaga vidonge kitandani nikavihesabu, nikarudia kwa sababu sikuiamini hesabu ya kwanza. Karibu vyote vilikuwepo.

“Kambo, hii dawa haitumike, haina nguvu?”

“Inatumika hata sana, muke yangu.” Alikuwa akinitania hivyo tangu nikiwa mdogo. “Asubui yote minaenda ku choo, minarudia, minaenda tena. Sasa ku kilio nitaikala namna gani?”

Wazee aliofanya nao kazi walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, na kwetu kwenye kilio mzee hapiti tu kusalimia. Anawekewa kiti mbele, karibu na wafiwa, na anakaa kutwa, siku mbili, siku tatu. Choo kiko nyuma ya nyumba, unapita katikati ya wanawake wanaopika. Ukipita mara moja, sawa. Mara ya sita watacheka. Kwa hiyo siku za kilio kambo hakumeza, na siku zisizo na kilio zilikuwa chache.

Nikasoma, nikawaza, nikasoma tena. Nguvu ya kidonge huisha baada ya saa kadhaa. Akimeza saa kumi na mbili asubuhi, saa sita anaweza kwenda kukaa. Nikaandika ratiba, nikaisahihisha mara nne, nikaibandika ukutani. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Siku tisa alimeza. Viatu vikaanza kumwingia.

Siku ya kumi kulikuwa na kilio cha rafiki yake wa karibu. Mwili ulikuwa uletwe mchana. Kambo alimeza saa kumi na mbili. Saa moja simu ikalia: mwili unatoka mochwari sasa hivi.

“Nibakie?” akaniuliza.

Angebaki kama ningesema abaki. Nilipima kila kinachoweza kutokea, hata hicho kilichotokea, kisha nikasema twende, nitakuwa karibu.

Jeneza lilipoingia uani kwaya ikaanza kuimba, na njia yote ya kwenda chooni ikajaa watu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake. Nilimwona akibana magoti, akishika kiti kwa mikono miwili. Kisha akaacha kubana. Maji yakashuka polepole chini ya kiti cha plastiki, yakatafuta njia kwenye saruji kuelekea viatu vya jirani yake.

“Aa, angalia ule muzee,” msichana mmoja akanong'ona.

“Nyamaza, weye!” mwenzake akamkemea, lakini naye aliangalia.

Nilifungua kitenge changu cha juu, nikaenda nikamfunga kiunoni. Aliinua mikono ili nimfunge vizuri. Hakunitazama.

Tangu siku hiyo hakumeza hata kimoja. Nilitafuta hoja za kumshawishi, nikazipanga, na kila moja niliiona imekaa kwenye kile kiti, imelowa. Ratiba niliibandua mwenyewe.

Baada ya majuma mawili tulirudi kwa daktari. Alibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

“Papa, dawa unakunywa?”

“Kila asubui, dokta.”

“Bila kukosa?”

“Uulize huyu. Ye njo anaichunga.”

Daktari akanigeukia. Kambo pia, mara ya kwanza tangu kile kilio. Macho yake hayakuniomba. Yalingoja tu, kama mtu anayejua hata mimi naweza kumwaibisha tena.

“Anakunywa, dokta,” nikasema.

Daktari alikunja uso, akafikiri kidogo, akaandika: viwili kila asubuhi. Nilipokea karatasi. Hadi kufika kwenye lango kambo alikuwa amesimama mara tatu kutafuta pumzi, na mara zote tatu tulijifanya tunaangalia barabara.