Mshauri Aliyeomba Ruhusa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya tangawizi, na mpaka leo nikiinusa chai ya tangawizi naikumbuka aibu yangu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa nina miaka ishirini na minane na sijazaa, uchungu huzeesha. Wewe unayemaliza chuo mwaka huu, sogea karibu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini Kikima, katika ofisi ya mradi wa mabwawa ya mchanga, yale yanayotunza maji ndani ya mchanga wa mto. Nilipima maji, nikaandika ripoti, nikarudi jioni na vumbi kichwani. Mkataba uliniita mshauri. Lo, jina! Mama yangu alisimama kanisani siku ya shukrani akasema, "Msichana wangu ni mshauri," watu wakapiga makofi, nami nikatazama sakafu nikitabasamu. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na mimi nilikinyoosha vizuri kichwani.

Asubuhi hiyo nilimkuta Mwaitu Ndunge, mama aliyetupikia chai ya tangawizi ofisini, amekunjua payslip yake, karatasi ya mshahara, mezani akiisoma kwa kidole. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sote tulimwita hivyo.

"Hapa ndio nafuu ya kodi," akaniambia. "Wamekata kodi, halafu wakanipunguzia. Na hapa wamepunguza tena kwa sababu ya bima yangu. Yako inasema nini?"

"Mimi sina payslip, Mwaitu. Mimi ni mshauri."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mshauri! Unasaini rejista saa mbili kama mimi. Juzi uliomba ruhusa kwenda kuzika nyanya yako, ukanyimwa. Mshauri gani huyo anaomba ruhusa?" Kisha kicheko kikaisha. "Mwana wakwa, mwanangu, nafuu yangu inaletwa na ofisi. Yako inaletwa na nani? Enda uulize."

Mimi, mwanangu, huwaza mara tatu kabla ya kuvuka barabara. Hurudi kuangalia mlango niliokwisha kuufunga. Lakini siku hiyo sikuwaza, nilikasirika. Mpika chai anifundishe kodi, na mimi nina digrii?

Juni ilipofika, mwezi wa mwisho wa kujaza fomu za kodi, nikaenda saiba ya sokoni, kile kiduka cha intaneti. Msichana wa kompyuta hakuinua macho. "Dada, umeajiriwa ama tukuwekee nil?" Nil ni ile fomu inayosema hukupata chochote mwaka mzima. Nikajiambia: mkataba wenyewe unasema sikuajiriwa. "Weka nil," nikamjibu. Dakika tatu tu, nikatoka. Kweli, malipo yangu yote mradi ulikuwa ukiyakata kodi kidogo, lakini nilidhani kukatwa ndiko kumaliza. Risiti za mafuta ya pikipiki niliyoendea mabwawani nilikuwa nimezitumia kuwashia jiko.

Mwaka uliofuata nikapata nilichokuwa nikikiombea: kazi ya kudumu ya maji mjini Kitui, karibu na kwetu Matinyani. Nilipita mahojiano. Kilichobaki ni cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi, nacho nikanyimwa. Rekodi za mradi zilionyesha nimelipwa, na mimi kwa fomu yangu nilikuwa nimesema sikupata kitu.

"Rekebisha kwanza," karani wa ofisi ya kodi akaniambia. "Nafuu ya kibinafsi ni haki yako hata kama hujaajiriwa. Kodi uliyokatwa itahesabiwa. Gharama za kazi pia zinatolewa kwenye mapato kabla ya kodi, hata mafuta. Lete risiti."

Majivu hayana mhuri, mwanangu. Nilipomaliza kurekebisha na kulipa faini, kiti changu kilikuwa na mtu mwingine. Mama bado hajawaambia watu wa kanisa.

Nilirudi Kikima. Mwaitu Ndunge hakusema "nilikwambia". Alinimiminia chai, akajaza kikombe mpaka ukingoni, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Basi sikia. Kabla ya kufurahia cheo, soma mkataba ujue wewe ni nani mbele ya kodi. Aliyeajiriwa, mwajiri humpa nafuu yake kila mwezi. Kazi yake ni kuitazama kwenye payslip kama ipo. Asiyeajiriwa ana nafuu pia, na pengine ana gharama za kutoa ambazo mwenzake hana, lakini hakuna atakayemletea mlangoni. Ataidai mwenyewe, kwa fomu ya kweli na risiti mkononi. Nil ni ya asiyepata kitu. Na ukiona unaamrishwa kama mwajiriwa huku ukiitwa mshauri, usicheke na makofi ya kanisani. Nenda idara ya kazi ukaulize ni nani anayefaidika na jina hilo. Mimi sikuuliza, na wao hawakuwa na haraka ya kuniambia. Kuuliza si ujinga, hata ukimwuliza mpika chai.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kazi yenye jina la kweli. Akikupa yenye jina la uongo, akupe na kinywa cha kuuliza, na boksi la risiti lililo mbali na jiko.