Jeki na Leso ya Bibi

Mbwa wa jirani yangu hapa Utange ana mazoea ya kukimbilia baraza yangu mvua inaponyesha. Hujikung'uta, na ile harufu ya manyoya yaliyoloa ikinifika puani, naona haya hata nikiwa peke yangu. Nyinyi nitawaambia sababu, maana Bibi hakuniuliza, nami sikumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi na Bibi huko Bombolulu. Jirani zetu walikuwa kina Mwende, watu wa bara, baba yake akifanya kazi bandarini. Mbwa wao, Jeki, aliteuliwa kupamba kalenda ya duka la dawa za mifugo. Mpiga picha hasa, wa kutoka mjini, mwenye kamera ya kusimama kwa miguu mitatu, angekuja Jumamosi asubuhi wakati wa likizo ya Agosti.

Kwetu mbwa hashikwi. Chuoni, kwa maalimu wa Kurani, tulifunzwa kwamba akigusa kitu naye amelowa, kitu hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo, la sivyo swala iliyoswaliwa nacho haihesabiwi. Nilijua vizuri, hata daftari nilizawadiwa kwa kulijibu swali hilo. Lakini Jumamosi ile nilikuwa kwa Mwende kabla ya chai. Tulimtoa Jeki kupe mmoja mmoja, tukawatia kwenye kopo la mafuta taa. Tukamsugua kwa sabuni ya kipande, tukamchana kwa chanuo la mama yake Mwende, ambaye sidhani anajua mpaka leo, tukamalizia kwa mafuta ya nazi ili ang'ae. Alituvumilia kama bwana harusi aliyeozwa kwa nguvu.

"Harakisha! Mpiga picha ako kwa geti," Mwende akasema, "na huyu bado amelowa. Leta kitambaa!"

Nilikimbilia kamba yetu ya nguo nikachomoa cha kwanza nilichoshika: leso ya Bibi ya kuswalia, ambayo harufu yake ya udi haikutoka hata ikifuliwa. Nilimkausha Jeki nayo hadi masikioni. Mpiga picha akaipenda rangi ya leso, akaitandika chini, akamkalisha Jeki juu yake.

Baadaye niliisuuza mara moja tu, mbio mbio, kwa kuwa adhana ya adhuhuri ilikaribia. Bibi akaikuta kwenye kamba ikidondoka maji.

"Nani kanifulia leso?"

"Mimi, Bibi. Ilianguka."

"Mngu akuweke, mwanangu," akasema, akanipapasa kichwa.

Ningesema pale pale. Ulimi ukawa mzito, na kila siku iliyopita uliongeza uzito. Bibi aliivaa leso ile swala zote tano, nami nikimtazama mgongo wake na kujichukia.

Kalenda ikatoka Disemba. Jeki alipendeza, wallahi, na chini ya miguu yake maneno ya leso yalisomeka wazi: WEMA HAUOZI. Bibi alikuwa na kuku, na dawa zao akizinunua duka lile lile. Siku aliyokwenda nilijificha chooni. Alirudi polepole, akaita, "Njoo ule, mwanangu." Nikayashukuru macho ya uzee kwa kutoona.

Tangu siku hiyo alibadilisha leso, na akaanza kuswali mara mbili. Akishatoa salamu, huinuka tena na kuanza upya swala ile ile, magoti yakimlia. Niliwaambia binamu zangu kwamba Bibi keshaanza kusahau. Tukamcheka. Ikaendelea hivyo miezi minne, kisha ikakoma. Nikasema amepata nafuu.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Mwaka jana nilipasuliwa, nikalala siku kadhaa bila kuswali. Niliporudi nyumbani nikawa nalipa: nikimaliza adhuhuri ya leo, nasimama kwa adhuhuri iliyonipita. Mwanangu akanitazama kutoka mlangoni.

"Mama, umesahau? Si umeshaswali?"

Nilibaki nimesimama juu ya msala, siwezi kuendelea. Kutoka Agosti hadi Disemba ni miezi minne. Bibi alizirudia swala za miezi hiyo zote, moja moja, kwa magoti yale, wala hakuna siku aliyoniita mwongo. Mimi ndiye niliyemwita msahaulifu.