Mguu wa Jeki na Takia Langu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya barafu nikaambiwa ninyamaze. Klabu ilikuwa ya mpira wa miguu, huko Sib, Oman, uwanja wa mchanga na vumbi. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka Unguja na wazee wangu, msahafu nimehitimu, skuli nimeiacha mapema, na mikono imekomaa kwa kufungua mataili kwenye gereji ya Ghala. Mudiri, yaani meneja wa timu, aliniangalia hiyo mikono, si uso.

"Unajua kuchua?"

"Nnajua. Nikimchua bibi yangu miguu."

"Bibi yako hachezi winga. Kaa na huyu, utazame."

"Huyu" alikuwa Mkandaji Mkuu, Msudani mzito wa mwili, mvivu wa maneno. Asubuhi ile aliingia winga mmoja anachechemea, anashika goti la kulia, anasema hawezi mazoezi. Mkandaji Mkuu akamlaza, akaanza kumpigisha hadithi za kwao, huku anabonyeza goti la kushoto. Winga akapiga ukelele. Mkandaji Mkuu akamwambia, "Goti limehama? Haya, kimbia uwanjani kabla halijahamia tumboni."

Tulipobaki wawili akanambia neno ambalo nimekula nalo mkate umri wangu wote: mchezaji ana uongo wa aina mbili. Mzima anasema mgonjwa, na mgonjwa anasema mzima. Wa kwanza anakupotezea siku. Wa pili anajipotezea mguu. Basi tangu siku ile mimi simwamini mtu aliyelala juu ya kitanda cha kukandia, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilikaa pale mpaka Mkandaji Mkuu akarudi kwao na ndoo akabeba mwengine. Kisha nikachukuliwa kituo cha viungo, Madinat Sultan Qaboos, chini ya Daktari Mkuu, Mmisri aliyekuwa akivaa tai hata mwezi wa sita, joto la huku likiwa kali kabisa. Huko nilijifunza majina. Nilichokuwa nikikiita mshipa, kumbe ni kano, yaani ule ugwe unaoufunga msuli kwenye mfupa. Nilijifunza kufunga plasta ya mchezo, ile pana inayonata, unaipitisha kufuata msuli unavyokwenda, si kama unafunga kifurushi. Daktari Mkuu alikuwa akinigombeza kila siku na hakuniacha niondoke. Mimi naye tulijuana.

Pale ndipo waliponikuta Waaustralia, wakanichukua niwe mkandaji wa timu yao. Hawa wana mpira wao, usiufananishe na wetu. Mpira wenyewe una ncha mbili kama papai. Uwanja ni duara refu, kwa hivyo hapa Maskati walikuwa wakikodi uwanja wa kriketi. Kila upande kuna milingoti minne. Ukiupiga kwa mguu ukapita baina ya ile miwili mirefu, pointi sita. Ukipita pembeni yake, pointi moja, ya kukupa pole. Mshambuliaji anakaa mbele ya milingoti, anaruka mpaka anapanda mabega ya watu, anaudaka mpira juu kwa juu, na akishaudaka anaachiwa apige bila kuguswa. Mara ya kwanza kuwaona nilidhani wanapigana, nikashika ndoo yangu nitoke.

Waliniita Ami, kwa sababu walisikia vijana wa Kiomani wakiniita hivyo. Mpaka leo wengine wanadhani ndilo jina langu.

Sasa nifike kwa Jeki.

Jeki alikuwa mshambuliaji wao, kijana mrefu, kazi yake fundi wa mitambo huko majangwani kwenye mafuta, anashuka mjini kucheza. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unakwisha, na mchezo wake wa mwisho Oman ulikuwa fainali na timu kutoka Dubai. Baba yake, mkulima wa ngano ambaye hakuwahi kumwona akicheza tangu yuko skuli, alikwishakata tiketi. Basi kwenye mchezo wa kabla ya fainali, Jeki aliruka, akashuka vibaya, akashika nyuma ya paja la kushoto, juu kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa wa kukalia. Pale pabaya. Msuli ukichanika katikati, unapumzika, unapona. Ukichanika mzizini unahitaji subira, na ukiulazimisha unabanduka, mtu anaingia chini ya kisu na pengine anatoka na mguu wa kuburuta. Fundi wa kupanda mitambo, mguu wa kuburuta. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu.

Nikamchua, nikamwekea barafu, Daktari wetu wa viungo, binti wa Kitunisi, akamfanyisha mazoezi yake ya taratibu. Wiki zikapita. Fainali ikakaribia. Kila nikimuuliza, "Khabari ya mguu?" ananambia, "Mzuri, Ami, mzuri kabisa." Upesi mno. Mtu mwenye mguu mzuri huwa anafikiri kwanza, kwa sababu ameshausahau. Jeki jibu lake lilikuwa mlangoni, limevaa viatu.

Nikaanza kumwangalia. Garini anakaa upande. Kwenye benchi anaegemea, haketi. Nikamuuliza Daktari. Akanambia bila ya kuficha, "Nguvu imerudi, Ami, mashine inaonyesha. Lakini mashine inanambia nguvu tu. Maumivu lazima aniambie mwenyewe, na yeye anasema hana."

Nikasema moyoni, haya, nitamleta kwangu.

Nna nyumba Mawaleh, nimeijenga kwa mikono hii, na majlisi yangu haina kochi. Ni zulia jembamba juu ya marumaru, na matakia ya kuegemea ukutani. Idi ya kabla ya kuumia Jeki alikuja, akakaa chini na sisi, mguu wa kushoto kaukunja chini yake, akala mpaka sinia likaonyesha maua yake, akabaki pale pale kwa halua. Kwa hiyo nilikuwa nnajua anavyokaa akiwa mzima. Mfupa wa kukalia, kano yenye kidonda, na marumaru. Hakuna kipimo kama hicho.

Akaja Ijumaa baada ya sala. Mke wangu, Bi Zuwena, alipika wali wa mbuzi. Jeki akakaa. Akakunja mguu wa kushoto. Kabla sinia halijatulia akaukunjua, akakunja wa kulia. Kisha akavuta takia kutoka ukutani, taratibu, kama mtu anayeiba, akalipitisha chini ya paja. Akanitazama kama nimeona. Mimi nikamsogezea nyama.

Ilipokuja kahawa nikamjazia kikombe, nikamwambia, "Jeki, mwanangu. Khabari ya mguu?"

Safari hii hakujibu upesi. Akakitikisa kikombe kama alivyotuona sisi tukifanya tukitosheka, akakiweka chini.

"Hapa kwako siwezi kukudanganya, Ami. Unauma. Nikikaa unauma, nikikimbia kwa nguvu unauma zaidi. Usimwambie Kocha. Baba yangu anafika Jumatano."

Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya. Nilimtegea mtego kwa sinia, na mtego ukanibana mimi. Kwetu, neno mtu alilokwambia nyumbani kwako, chumvi yako bado iko mdomoni mwake, hilo ni amana. Hulitoi nje. Angenambia kitandani pale kazini ningelipeleka kwa Kocha moto moto. Lakini nimemwita kwangu, nimemlisha, na amesema.

Alipoondoka Bi Zuwena akaja kuchukua sinia. "Ulimwita umlishe au ulimwita umpeleleze?"

"Vyote viwili."

"Basi ushashiba. Sasa nyamaza."

Nikinyamaza, mtoto wa watu atakwenda kujibandua mguu mbele ya baba yake. Nikisema, nitakuwa mtu wa kuuza maneno ya mgeni wake. Usingizi nilipata, sitaki kusema uongo, lakini chai ya asubuhi niliiacha ikapoa.

Kikao cha kuchagua timu kilifanyika kwenye chumba cha kubadilishia nguo: Kocha, Nahodha, Daktari na mimi. Jeki alikuwa nje anapiga mpira. Kiini cha mambo kilikuwa hiki: acheze Jeki, au acheze mwalimu mmoja wa hesabu, mzima kama jiwe na mwepesi kama hilo hilo jiwe.

"Jeki nusu ni bora kuliko mwalimu mzima," akasema Nahodha. "Mwalimu akiruka, nyasi hazina khabari."

"Sitaki nusu ya mtu," akasema Kocha. Huyu Kocha alikuwa mtu wa nywele nyeupe, ameishi Maskati siku nyingi, anajua kula kwa mkono. "Daktari?"

"Nguvu iko. Anasema haumwi. Nikiwa na shaka, shaka yangu haina ushahidi."

"Ami?"

Wote wakanigeukia.

"Jeki alikula kwangu Ijumaa," nikasema.

"Sikukuuliza chakula."

"Nami sina jengine la kusema. Alikula vizuri." Nikaona haitoshi. "Alikaa vibaya."

Kocha akaweka kalamu. "Vibaya vipi?"

"Alitaka takia."

Nahodha akapasuka kicheko. "Ami, nani kati yetu anayeweza kukaa kwenye marumaru yako? Mimi nilitaka winchi!"

"Wewe ndiyo. Yeye Idi hakutaka."

"Alikwambia unamuuma?" akauliza Kocha.

"Alichonambia mgeni wangu muulize mgeni wangu."

Kocha akanitazama. Sijui alifahamu kiasi gani, lakini hakuniuliza tena. Akafungua mlango, akamwita Jeki. "Mguu?"

"Mzuri kabisa," akasema Jeki, upesi.

"Vizuri. Njoo tupange fainali." Na Kocha mwenyewe, na nywele zake nyeupe, akashuka akakaa chini kwenye saruji, akatandaza ubao wa kupangia wachezaji, akapiga sakafu kwa kiganja. "Kaa."

Jeki akanitazama mimi. Si Kocha, mimi. Akakaa. Kocha akaanza kueleza: mpira utatokea huku, wewe utahamia hapa, wa Dubai watafanya hivi. Akaeleza polepole kama mtu asiye na safari. Jeki akabadilisha mguu. Akaegemea upande. Mwisho mkono wake ukaingia wenyewe chini ya paja, kiganja juu, ukakaa pale kama takia.

Hakuna aliyecheka. Kocha akakunja ubao.

"Khalas," akasema kwa Kiarabu, yaani imekwisha. "Atacheza mwalimu."

Jeki akanifuata mpaka kwenye gari, uso umemwiva. "Nilikuja kwako kama mtoto wako."

"Na nimekulinda kama mtoto wangu. Ulichonambia sikukisema."

"Umesema takia!"

"Takia langu. Nina haki ya kulisema."

"Wewe mjanja, Ami. Mjanja mbaya." Akaondoka. Anachechemea kidogo, na safari hii hakujali kujificha.

Fainali tulifungwa. Nnaliandika mwenyewe kabla hamjaambiwa na Nahodha. Mwalimu alikosa mpira ambao Jeki angeudaka akiwa amelala. Jeki alibeba chupa za maji, na kila akipita mbele yangu alinipa mgongo. Baba yake alikuwa mtu mfupi, kofia pana, mikono kama yangu. Baada ya mchezo alinijia.

"Wewe ndiye Ami?"

"Mimi."

"Mwanangu ananambia wewe si wa kuaminiwa."

"Naye si wa kuaminiwa."

Akamtazama mwanawe anayekusanya chupa, anainama, anainuka, anakwenda. "Anatembea," akasema yule mzee. Akanipa mkono, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa shukurani au tusi. Nimelipima kwa pande zote mbili na halisemi.

Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka ikishika mkasi, na plasta ya siku hizi ina rangi kama pipi. Vijana wanakuja kuniuliza siri ya kazi, wanadhani iko vidoleni. Mimi nawaambia: muulizeni mchezaji, kisha msisikilize jibu, tazameni anavyokaa. Na kama mnataka kumkamata mtu, mkamateni kazini. Msimkamate nyumbani kwenu. Nyumbani mtalipa. Mimi nililipa: Jeki aliondoka Oman bila ya kuniaga, na hilo liliniuma kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia Bi Zuwena, ingawa yeye alijua.

Juzi simu ililia, ujumbe kutoka namba ya Australia. Picha tu, hakuna neno hata moja. Jeki, kaongeza mwili, amekaa chini kwenye sakafu ya mbao, kitoto cha kike kimempanda begani, na mguu wa kushoto kaukunja chini yake barabara, kama siku ya Idi.

Bi Zuwena akaichukua simu, akaitazama, macho yakamlowa. "Amekusamehe."

Nikaichukua, nikaikuza kwa vidole. Mguu umekunjwa sawa. Uso hauna maumivu. Lakini picha imepigwa kwa mbele, na nguo ya mtoto imeangukia pale pale, imeficha chini ya paja.

Nikamwandikia: "Mashallah, mtoto mzuri. Sasa piga nyengine, kwa nyuma, nilione takia."