Redio Zilizozimwa Mlandege

Ukimtaja Yunusu fundi cherehani, watu wa hapa Mlandege watakusimulia suruali zake. Mimi nitakusimulia habari za mkewe, Rukia, jirani yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na maumivu.

Miaka ile ya sabini redio ilitakiwa ipige nyimbo zetu, za wageni ziwekwe kando. Agizo zuri, ila nyimbo haziokotwi barabarani. Basi watu wa redio wakawa wanazunguka mikoani na mashine zao wakizitafuta. Walipofika hapa kwetu Iringa, Yunusu aliwaimbia wimbo aliomtungia Rukia mwaka waliooana, walipokuwa na blanketi moja tu, na baridi ya huku haina huruma. Katikati ya wimbo akakohoa. Aliomba aanze upya, wakamwambia tepu ni chache, asiwe na wasiwasi, atasikika tu.

Akanunua redio, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Hotelini wakamtania, "Fundi, huo wimbo wako unakuja kwa miguu?" Anacheka, anakohoa. Rukia akaacha kwenda sokoni mchana, asije akapitwa. Miezi ikapita. Kikohozi kile kile ndicho kilichomwondoa Yunusu, na wimbo bado haujapigwa.

Siku za matanga tulizima redio mtaa mzima, kama ilivyo ada. Ya Yunusu niliizima mimi kwa mkono wangu, nikaifunika kanga, nikajiona nimemstahi marehemu.

Matanga yalipokwisha anuliwa, akaja rafiki yake Kalinga, dereva wa lori, ametoka Mbeya, hana habari yoyote. Alianza kuita tokea barabarani.

"Fundi, juzi nimekusikia pale Uyole. Wamekutaja na jina. Hoteli nzima ilinyamaza."

Tukamweleza. Alikaa kizingitini akalia mbele za watu. Rukia alikuwa katika eda, akamsemesha kutoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, na kikohozi kilisikika?"

"Kilisikika, shemeji."

"Basi ni yeye."

Mimi nilikuwa naye nyuma ya pazia, sikuweza kumtazama. Juzi hiyo, matanga hayajaanuliwa, Rukia alikuwa amekaa mkekani, ubavuni mwa ile redio niliyoifunika. Mume wake aliimba nchi nzima ikamsikia, isipokuwa sisi tuliompenda. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Wimbo ule haukupigwa tena, au ulipigwa hatukuusikia.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Redio zikazimwa mtaani, safari hii kwa ajili yangu. Nilipoingia jikoni kutafuta maji nilimkuta Rukia peke yake kati ya masufuria, redio ameificha ndani ya kanga, sauti ameipunguza mno, sikio ameliegemeza juu yake. Aliponiona akataka kuizima.

"Nisamehe, Bibie," akasema. "Huenda ikawa leo."

Nilimwambia aiache. Nikafunga mlango wa jiko, nikakaa naye chini, tukasikiliza nyimbo za watu wengine.