Ng'ombe Aliyevaa Tai

"Anko, mbona ng'ombe wako ni wa bluu?"

Nzilani alikuwa darasa la kwanza alipouliza hivyo, amesimama chini ya ngazi nje ya buchari moja ya Kitengela, kichwa amekiinua mpaka kofia ya shule ikaanguka. Maweu, ndugu mdogo wa mamake, alikuwa juu ya ngazi akichora ng'ombe ukutani, amefika kwenye mkia. Alishtuka hadi brashi ikaruka. Alipoona ni mtoto tu, akasema, "Kaa mbali na hiyo rangi, utachafua yunifomu," akaendelea kupaka.

Na si huyo ng'ombe mmoja tu. Mwaka huo wa 2001, ukitoka Kitengela mpaka Isinya, kila buchari aliyoichora Maweu ilikuwa na ng'ombe wa bluu, bluu tupu kutoka pembe hadi kwato. Wenye buchari walilalamika. "Maweu, wateja wanadhani nauza samaki!" Alicheka pamoja nao, lakini rangi hakubadilisha. Aliyetaka ng'ombe wa kahawia alitafuta mtu mwingine.

Miaka ilipita. Nzilani akaingia kidato cha pili, na likizo ya Agosti 2010 mamake, Ruth, alikuwa anahama kutoka nyumba ya mabati kwenda ile ya mawe. Maweu alikuja kusaidia kubeba kabati. Nyuma ya hilo kabati kulikuwa na karatasi za mifuko ya simiti zimeviringwa, zimefungwa kwa uzi. Zilikuwa katuni za Maweu za ujana.

Nzilani alizifungua moja baada ya nyingine. Mwalimu mkuu ambaye tumbo lake limeshaingia darasani na yeye bado yuko nje. Pasta akisinzia kwenye mimbari, nzi ameketi juu ya pua. Ruth mwenyewe akikimbiza kuku na mwiko.

"Mama, kumbe ulikuwa na mbio hivi!"

"Huyo kuku alikuwa amekula unga wangu," Ruth akasema. "Na huyu mjomba wako alikaa tu hapo akichora badala ya kunisaidia."

Maweu alicheka mpaka akakohoa. Kisha ikafunguliwa karatasi ya mwisho. Ng'ombe wa kahawia amesimama kwa miguu miwili kama mtu, amevaa tai na aproni, ameshika sinia ya nyama choma, meno yote nje. Ndiyo iliyochekesha kuliko zote. Lakini Maweu aliacha kucheka. Kwanza aliangalia mlango.

"Hii bado iko? Si nilikuambia uchome?"

"Ningechoma aje kitu kizuri hivi?" Ruth akajibu, lakini sauti yake pia ilikuwa imeshuka.

Nzilani aliwaangalia wote wawili. Hakuondoka hapo mpaka akaambiwa kisa chenyewe.

Mwaka wa 1995 Maweu alikuwa amemaliza shule na anaishi kwa Ruth. Kitengela bado ilikuwa kituo kidogo kando ya barabara ya Namanga, wazee wakikiita Noonkopir, na mifugo ilipita katikati ya maduka bila kuomba ruhusa. Mtu mmoja anaitwa Lazarus alikuwa amefungua buchari mpya. Aliona zile katuni, akacheka, akasema, "Kijana, nichoree ng'ombe hapo ukutani. Awe anafurahi kuliwa." Kisha akaenda safari zake Kajiado.

Sasa, Maweu alijua kuchora watu. Ng'ombe hakumjua vizuri. Alikuwa amekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda huko Athi River, na ng'ombe kwake alikuwa kitu kinachopita barabarani. Kwa hivyo alizunguka nyuma ya buchari. Huko alimkuta mmoja amefungwa kwenye nguzo, kando ya pipa la maji lililobonyea, karibu na mlango wa mabati uliopinda kona ya juu.

Alikuwa ng'ombe wa kipekee. Pembe moja ilikuwa imeshuka mpaka karibu na jicho. Ubavuni alikuwa na doa jeupe lenye umbo la sufuria. Sikio moja limekatwa mikato miwili, na pajani kulikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto. Maweu alidhani ni mapambo tu, kila ng'ombe na yake. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba sikio na paja la ng'ombe ndiko Mmaasai anakosoma ni wa nani. Alimzunguka akimchora kwenye karatasi ya simiti, akarudi mbele, akahamishia kila kitu ukutani, pembe, doa, sikio na alama. Halafu akamvika tai, ukutani na kwenye karatasi.

Watu walijaa. Walicheka, wakaita wenzao waje waone. Maweu alikuwa juu ya ngazi akimalizia meno aliposikia kicheko kimekatika nyuma yake.

"Ero, sopa," sauti ikamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa, mzee."

Alikuwa mzee Kisemei wa upande wa Kisaju, shuka chini ya koti zito. Hakumwangalia Maweu. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Huyu umemwona wapi?"

"Nani, mzee?"

"Huyu. Ng'ombe wangu Nanyokie. Amepotea wiki ya pili sasa."

"Mzee, na hiyo tai ulimnunulia wewe?" mtu akauliza, na watu wakaangua kicheko tena.

Kisemei alinyoosha fimbo, akagusa sikio, kisha paja. Rangi mbichi ikabaki kwenye ncha. "Hili sikio nilikata mimi. Hapa nilichoma mimi."

Maweu alishuka ngazi hatua moja. Akisema ng'ombe alikuwa nyuma ya buchari, Lazarus atamfanya nini? Na akisema amebuni, mtu anabuni aje alama ya moto ya mtu mwingine, kama si yeye aliyemtoa bomani?

"Nilibuni tu, mzee. Ni katuni."

"Ukabuni mpaka sikio," Kisemei akasema polepole. "Sawa. Kesho nakuja na wenzangu. Usitoke hapa Kitengela, kijana."

Lazarus alirudi alasiri. Aliangalia ukuta mara moja tu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimtia Maweu baridi. Alisema tu, "Ukifuta sasa watauliza kwa nini. Acha." Akakata kipande kizuri cha nyama, akakifunga kwa gazeti, akamwekea mkononi.

"Pelekea dadako. Ruth, sivyo? Yule anauza sukuma wiki pale ng'ambo. Na yule mtoto wake wa mgongoni, anaitwa nani?"

Lazarus alifuta kisu kwenye aproni.

"Kesho wakikuuliza, huo mdomo usitoe neno. Hata moja. Umesikia?"

Ile nyama aliwatupia mbwa. Alifikiria kutoroka, lakini akitoroka ndiyo amekuwa mwizi, na Ruth angebaki pale ng'ambo na mtoto wake.

Asubuhi walikuja, Kisemei, wazee wenzake, morani kadhaa na askari mmoja kutoka kambi ya chifu. Lazarus alikuwa mlangoni na aproni safi. "Karibuni wazee! Niwawekee chai?"

Hakuna aliyeitikia chai. Askari akamgeukia Maweu. "Wewe. Ulimwona wapi huyu ng'ombe? Sema, ama utalala ndani leo."

"Ni yeye mwizi," morani mmoja akasema. "Angalia vile anatetemeka."

Maweu alifungua mdomo. Akamtazama Lazarus. Lazarus hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara, ambako Ruth alikuwa anapanga mafungu ya sukuma, mtoto mgongoni. Mdomo wa Maweu ukajifunga wenyewe.

Askari alimshika mkono. Kisemei akainua fimbo. "Ngoja. Kijana amesema alibuni. Hapo ukutani ni upande mmoja tu. Achore ule mwingine. Kama alibuni, abuni tena. Kama alimwona, mimi nitajua." Akaokota kaa lililozimika kwenye jiko la kuchomea nyama, akampa.

Maweu alilipokea. Lazarus alikuwa amesema mdomo. Mkono hakuutaja.

Mstari wa kwanza ulipinda vibaya. Akaanza upya. Upande huu haukuwa na doa la sufuria, ulikuwa na utepe mweupe mwembamba uliopita chini ya tumbo mpaka kwapani. Sikio lake lilikuwa zima. Alipofika kwenye goti lenye kovu, Kisemei alivuta pumzi. "Ni yeye. Amemwona."

Morani wakamkamata mabega yote mawili. Hapo Maweu alijua wanaweza kumuua kabla hajamaliza, na kwamba kuacha ni kubaya zaidi. Mkono ukaendelea. Kutoka shingoni akachora kamba. Mwisho wa kamba, nguzo. Kando ya nguzo, pipa lililobonyea. Nyuma ya pipa, mlango wa mabati, kona yake ya juu imepinda.

Kila aliyewahi kula nyama pale alikuwa amenawa mikono kwenye lile pipa. Mikono ya morani ikalegea.

"Fungua huko nyuma," askari akamwambia Lazarus.

Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, na ngozi ilikuwa huko, imekunjwa kwenye chumvi, alama ya Kisemei pajani. Lazarus akapelekwa kituo cha polisi Kajiado. Alipopita karibu na Maweu aliinama kidogo, karibu kama anatabasamu. "Na kweli hujasema neno," akanong'ona.

Kisemei alitaka kumpa mbuzi. Maweu alitaka tu kuondoka. Alimsihi Ruth naye ahame, Ruth akakataa kuacha wateja wake, basi akaenda peke yake Kiserian kuvunja mawe. Huko akasikia Lazarus ameachiliwa, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Kila wiki alimtumia Ruth mtu wa kumwuliza kama mtoto ni mzima. Mwishowe wasiwasi ukamrudisha Kitengela. Akashika brashi tena, kwa sababu mikono yake haikupenda kitu kingine, lakini alichora huku akisikiliza nani anakuja nyuma yake.

Nzilani alikuwa bado ameshika karatasi ya ng'ombe mwenye tai.

"Huyo mtoto wa mgongoni ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na huyo Lazarus, yuko wapi sasa?"

"Sijui. Nikijua nitalala."

Maweu alimpokonya karatasi taratibu, akaikunja uso wa ng'ombe ukiwa ndani.

"Uliniuliza siku moja mbona ng'ombe wangu ni wa bluu," akasema. "Wa bluu hakuna mtu amewahi kupoteza, Nzilani. Hakuna mtu atasimama nyuma ya ngazi yangu aniulize nimemwona wapi."